INJINI KUBWA KATIKA MOTOKARI NDOGO: TUANZE NA FRENI

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumba mnaosoma ukurasa huu jioni wakati baba angali kazini,

Leo nitazungumza juu ya jambo ambalo pengine mtasema si la munganga: kutoa injini ya motokari ya zamani na kutia nyingine yenye nguvu zaidi. Ni kweli, mimi nilifundishwa kufunga vidonda, sikufundishwa kufunga mabulo. Lakini jambo hili lilinifuata mpaka dispanseri.

Jumatatu moja alikuja jirani yetu mmoja wa hapa Lukafu, fundi wa umeme, kidole chake cha shahada kimepondwa. Akasema amebanwa na mlango. Bibi yake, aliyemsindikiza, alinyamaza mpaka nilipomaliza kushona. Kiisha akasema: "Munganga, si mlango. Ni ile injini." Mume akatazama chini. Bibi akaendelea: "Anataka kuitia katika motokari yetu ili tupande milima upesi. Utuambie wewe: itatufikisha Likasi ao itatuua?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia anipe siku chache. Nikaenda kuuliza mafundi wa garaji, nikasoma, nikapiga hesabu. Haya ndiyo niliyoyapata.

NGUVU MARA MBILI

Motokari yenyewe ni Toyota Corolla ya mwaka 1982, ile ya namna ya KE70. Wenzetu wa Kenya waliizoea kwa jina la DX. Ndani yake mna injini inayoitwa 4K, ya santimita za ujazo karibu 1.300, yenye nguvu za farasi 60 hivi. Ni injini ya subira. Inakubali esansi mbaya, inakubali fundi asiye na vyombo vingi, na ndiyo maana motokari hizi zimedumu miaka 40. Lakini tia watu sita na mfuko wa unga, kiisha upande mlima nyuma ya lori la shaba, utaona namna inavyolia.

Injini aliyonunua ni 4A-GE. Hiyo ni ya santimita za ujazo karibu 1.600, ina valvu 16, na kule Japani iliuzwa ikiwa na farasi 120 mpaka 130. Basi ni nguvu mara mbili katika sanduku lile lile la bati.

Sitamcheka jirani yangu. Kuna haki katika mawazo yake. Motokari nyingi zetu hapa Katanga zina usukani upande wa kuume, na sisi tunatembea upande wa kuume wa njia. Dereva anayetaka kupita lori hawezi kuona mbele mpaka atoe nusu ya motokari katikati ya njia. Kama injini ni dhaifu, anakaa pale muda mrefu, ubavu kwa ubavu na lori, huku lingine linakuja. Kwa hiyo mtu anasema: nikiwa na nguvu, nitapita upesi na kurudi mahali pangu. Ndivyo, lakini aliye na nguvu anajaribu kupita pahali ambapo zamani angengoja. Na nguvu hazimsaidii aone zaidi.

TOYOTA YENYEWE ILIFANYA NINI?

Hapa fundi mmoja mzee alinionyesha jambo lililonifungua macho. Mwaka 1983 kampuni ya Toyota ilitoa Corolla mpya, ikaiuza Japani kwa injini mbili. Umbo ni moja, milango ni ile ile. Ya kwanza, AE85, ilikuwa na injini ya farasi 83. Ya pili, AE86, ilikuwa na hii 4A-GE. Wale mafundi wa kiwandani hawakubadilisha injini tu na kuifunga boneti. Ile yenye nguvu waliipa ekseli ya nyuma yenye kimo zaidi, na freni za diski nyuma pia, wakati ile ndogo ilibaki na freni za ngoma nyuma.

Mnaelewa? Wenye kiwanda, wenye mainjinia na mashini za kupimia, waliona kwamba injini hii haiwezi kukaa juu ya freni za injini ndogo. Na motokari ile ilikuwa mpya, imetoka kiwandani siku ile. Sasa sisi tunatia injini ile ile katika motokari ya miaka 40, yenye mabomba ya freni yaliyoliwa na kutu, na tunasema "itaenda tu".

Itaenda, ndiyo. Taabu ni kusimama.

HESABU YA SHIMINI

Watu wengi wanafikiri kwamba mwendo ukiongezeka kwa nusu, hatari pia inaongezeka kwa nusu. Si hivyo. Nguvu ya kugonga inakwenda kwa mwendo mara mwendo. Ukitoka kilometa 60 kwa saa kufika 90, pigo linakuwa mara mbili na robo. Ukifika 120, ni mara nne.

Ninyi mnaofanya kazi katika shimo la mine mnajua kuanguka ni nini, basi nitasema kwa lugha yenu. Kugonga ukuta kwa mwendo wa 60 ni sawa na kuanguka kutoka juu mita 14. Kwa 90 ni mita 32. Kwa 120 ni karibu mita 57. Ile shimini ndefu ya Lubumbashi, tunayoiona kutoka pande zote za mji, ina mita 153. Kwa hiyo baba anayekimbia 120 na jamaa yake ndani ameipandisha jamaa hiyo zaidi ya theluthi moja ya shimini. Kazini hakuna sefu atakayekuruhusu kusimama mita 5 bila mkanda wa usalama. Katika motokari tunakaa juu ya mita 32 na mtoto kwenye magoti.

Juu ya mtoto huyo wa magotini nitasema neno moja, kwa maana akina mama wengi wanasadiki kwamba mikono ya mama inatosha. Motokari ikigonga kwa mwendo wa 60 tu, mtoto wa kilo 10 anavuta mikono kana kwamba ana kilo zaidi ya 150. Hakuna mama anayeweza kushika uzito huo. Mtoto anaruka kwenda kioo. Tazameni kiti cha nyuma cha motokari yenu: je, kuna mikanda? Katika nyingi za zamani hakuna, ao imekatwa, ao imefichwa chini ya kitambaa cha kiti. Mwenye falanga za kununua injini ana falanga za kutia mikanda.

FRENI ZINAPOCHOKA

Freni hazili nguvu ya mwendo. Zinaigeuza kuwa moto. Gusa (kwa uangalifu!) gurudumu baada ya kushuka mlima, utasikia. Motokari yenye mwendo wa 90 inatupa ndani ya freni moto mara mbili na robo kuliko ile ya 60. Freni ndogo za zamani haziwezi kuutoa moto huo upesi. Zile za ngoma zinapanuka, zinakimbia vitambaa vya ndani; dereva anakanyaga, pedali inashuka, motokari haishiki.

Kuna adui mwingine, tena huyu haonekani: maji ndani ya mafuta ya freni. Mafuta haya yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa. Yale yanayoandikwa DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye digri 205. Yakisha kunywa maji, yanaweza kuchemka kwenye digri 140 tu. Yakichemka yanafanya povu la mvuke, na mvuke unabanwa kama mpira. Siku hiyo utakanyaga pedali mpaka chini, mguu utagusa bati, na lori litakuwa mbele yako. Mafuta ya freni yanabadilishwa kila miaka miwili. Ulizeni jirani zenu ni nani aliyebadilisha yake. Mimi niliuliza watu saba, na mmoja tu alisema ndiyo.

Hesabu nyingine. Kwa 90, motokari inakula mita 25 kila sekunde moja. Sekunde hiyo moja ndiyo ambayo mtu mwenye akili timamu anatumia kabla mguu haujagusa pedali. Kiisha, kama freni ni nzuri na lami ni kavu, unahitaji mita nyingine 45 hivi. Kama freni zimechoka na mipira ni myembamba, utahitaji karibu 80. Jumla ni mita zaidi ya 100, urefu wa kiwanja cha mpira. Je, usiku, juu ya njia ya Likasi, taa zako zinaonyesha mita 100?

Na mipira: msinunue kwa macho tu. Juu ya ubavu wa mpira kuna namba nne ndani ya duara refu. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 2312 maana yake juma la 23 la mwaka 2012. Mpira wa namna hiyo unaweza kuwa na meno mazuri na kumbe ndani umekauka kama mkate wa juzi.

Vijana huniambia: "Munganga, mbona wale wa rali?" Kweli. Katika Safari Rally ya Kenya, Shekhar Mehta alishinda miaka minne mfululizo, 1979 mpaka 1982, na Datsun Violet, motokari ndogo iliyoitwa 160J, lakini ile ya mashindano ilikuwa na injini ya lita 2. Ni injini kubwa katika motokari ndogo, na ilishinda dunia. Lakini mjue ndani yake mlikuwa nini: kizimba cha mabomba ya chuma, mikanda ya kufunga kifua na mabega, kofia ngumu kichwani, na mafundi waliokuwa wakingoja njiani na vyuma vipya. Hawakubeba bibi na nyanya na kuku wawili.

ESANSI NA MOTO

Injini ya 4K inakunywa esansi kwa kabureta, na pampu yake inasukuma pole. 4A-GE inapuliziwa esansi kwa pampu ya umeme, na nguvu ndani ya bomba inakaribia kuwa mara 10. Mafundi wa haraka wanaacha lile bomba la mpira la zamani, wanafunga kwa waya. Siku ya kwanza halivuji. Mwezi wa tatu linapasuka, na esansi inatoka kama mvua nyembamba juu ya injini yenye moto. Lazima mabomba ya namna ya injeksyo, na vifungo vyake vya kweli, na fyuzi katika waya wa pampu. Kizimamoto cha unga cha kilo 2 kikae chini ya kiti cha dereva. Katika buti, chini ya mizigo, hakitafaa kitu.

MOSHI USIO NA HARUFU

Sasa nimefika katika kazi yangu mwenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Mtu akibadilisha injini, bomba la moshi la zamani halilingani na injini mpya. Wanakata, wanachomelea, wanatoboa bati la chini ili kupitisha giaboksi. Tundu likibaki wazi, moshi unaingia ndani ya motokari. Na katika moshi kuna gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Harufu mnayosikia ni ya vitu vingine. Gesi hii inaweza kuwapo hata pasipo harufu hiyo. Ikiingia katika damu inashika mahali pa oksijeni, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200. Damu inatembea, lakini haibebi kitu cha kuishi.

Ishara zake ni hizi: kichwa kinauma, tumbo linachafuka, mtu anatapika, miguu inalegea, usingizi unamchukua. Mnaona taabu iliyoko? Ni kama malaria. Jamaa inafika kutoka safari, watoto wanatapika, mama anasema ni malaria, anatoa dawa. Ulizeni mambo mawili: je, kuna homa? Je, waliugua wote pamoja, na sasa, baada ya kukaa nje, wanapata nafuu? Kama mwili si wa moto na wote wameugua njiani, fikirini moshi. Tena walio nyuma, yaani watoto, na mama mwenye mimba, ndio wanaoumia kwanza. Gesi hii inapita mpaka kwa mtoto aliye tumboni.

Na kuna desturi moja ninayoichukia: kununua mifuko ya makala njiani, kuijaza ndani ya buti mpaka mlango haufungiki, kufunga kwa kamba na kwenda hivyo. Motokari inapokimbia, upepo unavuta moshi wa nyuma na kuuingiza ndani kwa mlango ule ulio wazi. Hata motokari ambayo haikubadilishwa kitu inafanya hivyo.

Mtu akianguka kwa moshi: zima injini, mtoe nje penye hewa, mlaze kwa ubavu kama anapumua lakini haamki, na mkimbize lopitali apewe oksijeni. Msimpe maziwa, msimmwagie maji. Na msiwashe injini ndani ya garaji iliyofungwa kwa kujaribu "dakika tano tu".

SIKU YA KAZI YENYEWE

Injini na giaboksi yake zina zaidi ya kilo 100. Jirani yangu aliitundika kwa mnyororo juu ya tawi la mwembe. Tawi halikuvunjika, mnyororo ndio uliteleza, na kidole kilikuwa pale. Tumieni palanka na miti mitatu imara iliyofungwa vizuri, na mkono usiingie kamwe kati ya injini na bati. Chini ya motokari msiingie ikiwa juu ya kriki peke yake. Matofali pia si kitu, yanapasuka bila kuaga. Magogo mapana, ao vyuma vya kusimamishia.

Vumbi la freni na la klatchi za motokari za zamani linaweza kuwa na amianti, ambayo wengine wanaiita asbesto. Ninyi wa mine mnajua silikosi, basi huyu ni ndugu yake, na anakaa kifuani miaka 20, 30, ao zaidi kabla ya kujionyesha kwa kansa. Msipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Panguseni kwa kitambaa kilicholowa maji, kiisha kitupwe ndani ya mfuko uliofungwa. Na nguo hizo mama asizikung'ute ndani ya nyumba.

Maji ya radiata yakikuunguza, mwagia maji baridi safi dakika 20. Si dawa ya meno, si mafuta, si unga.

Karti roze pia inaonyesha nguvu za motokari. Kabla ya kutembea na injini nyingine, nendeni mwulize wakala wa asiransi na wenye kuandikisha motokari. Ni bora kuwauliza leo, kuliko wao kuwauliza ninyi baada ya ajali.

JE, HAKUNA NJIA NYINGINE?

Iko. Katika ukoo wa 4K kuna kaka yake, 5K, wa santimita za ujazo karibu 1.500. Anaingia katika KE70 karibu bila kukata kitu, kabureta ni kabureta, na mlima wa Likasi anaupanda vizuri zaidi. Hatafurahisha vijana wa kartie, lakini freni za zamani, zikitengenezwa zote na kutiwa mafuta mapya, zinaweza kumtii. Na mara nyingi hata 4K yenyewe haina kosa: ikipimwa, ikisafishwa kabureta, ikitiwa pete mpya, mtu anashangaa farasi wake walikuwa wapi.

Jirani yangu hakupenda jibu hilo la 5K. Lakini alikaa na bibi yake, wakaandika hesabu juu ya karatasi ya shule ya mtoto, nami nilikuwapo. Juu waliandika freni za diski za mbele, mabomba mapya, mafuta ya freni. Chini yake, mikanda minne ya nyuma na ya mbele, kiisha mipira. Injini iliandikwa ya mwisho, na bibi ndiye aliyekuwa ameshika kalamu.

Sasa 4A-GE imelala verandani chini ya hema la plastiki. Corolla inatembea na injini yake ya zamani, inalia mlimani kama kawaida. Juma lililopita alileta diski mbili kutoka kwa muuza vyuma, akanipitia nizione. Nilitazama kwanza kidole: kimepona, kucha inaanza kuota.